Kivumbasi

Kivumbasi (nomino, ngeli ya KI-VI, wingi vivumbasi, huandikwa pia kivumbazi) ni mmea wenye majani yanayonukia kwa ukali, unaoota wenyewe kandokando ya njia, mipakani mwa mashamba na nyuma ya nyumba, na ambao majani yake hutumika kufukuzia mbu. Fasili ya namna hii ndiyo inayopatikana katika kamusi nyingi, mara nyingi kwa maneno machache zaidi. Ni sahihi, lakini haitoshi. Inataja harufu na kazi bila kuutaja mmea wenyewe. Mtu atakayeishika fasili hiyo na kupanda nayo miteremko ya Uluguru, juu ya mji wa Morogoro, atakutana na mimea kadhaa inayonuka, inayoota bila kupandwa na inayosifiwa kwa kufukuza wadudu. Baadhi yake haina udugu wowote na kivumbasi.

Mmea unaostahili jina hili kwanza ni ule ambao wataalamu huuita Ocimum gratissimum. Ni kichaka kinachofikia kimo cha mtu na wakati mwingine kumzidi, chenye shina lililokuwa mti upande wa chini na matawi machanga yenye pembe nne. Mtu akiyaviringisha matawi hayo kati ya vidole atazihisi pembe hizo hata bila kutazama. Majani huota mawili mawili yakikabiliana, yana ncha iliyochongoka na ukingo wenye meno kama ya msumeno. Maua ni madogo, meupe yanayoelekea ukijani, nayo hujipanga kwa vifungu vya sita sita kulizunguka suke. Nyuki huyapenda kuliko wapita njia, kwani kwa macho ya mwanadamu hayana cha kujivunia. Kila ua likishapukutika, kikombe kilicholishika hubaki kimeinama na kujifunga mdomo, na ndani yake hukomaa mbegu nne.

Harufu haitoki katika ua. Hutoka katika vijitezi visivyoonekana kwa macho vilivyotapakaa juu ya majani, ambavyo hupasuka jani linapofikichwa. Katika mimea mingi ya Afrika Mashariki iliyopimwa, sehemu kubwa ya mafuta hayo ni eujenoli, kemikali ileile inayoipa karafuu harufu yake. Mkulima wa upande wa mashariki wa Uluguru, kama Kinole au Matombo, ambako mikarafuu hupandwa pamoja na migomba na pilipili manga, anaweza basi kuwa na harufu hiyo moja katika shamba lake mara mbili: mara ya kwanza juu ya mti anaoutunza kwa ajili ya soko, mara ya pili katika gugu analolifyeka.

Jina la kitaalamu lina historia yake, na anayesoma vitabu vya zamani hana budi kuijua. Carl Linnaeus aliuita mmea huu Ocimum gratissimum mwaka 1753. Mwaka 1809 Willdenow alitoa jina Ocimum suave kwa mimea aliyoiona kuwa spishi nyingine, na jina hilo likashika mizizi Afrika Mashariki kiasi kwamba maandishi mengi kuhusu dawa za asili na dawa za mbu nchini Tanzania na Kenya yamelitumia hadi miaka ya karibuni. Alan Paton wa bustani ya Kew, katika mapitio yake ya jenasi hii barani Afrika yaliyotoka mwaka 1992, aliyaunganisha majina hayo mawili. Kwa hiyo msomaji akikuta suave katika kitabu kimoja na gratissimum katika kingine, asidhani kwamba vivumbasi ni viwili.

Hata hivyo, vivumbasi kweli ni zaidi ya kimoja, ila si kwa sababu hiyo. Jina hilohilo hupewa Ocimum americanum, mmea mfupi usiopita goti au paja, wenye majani membamba na madogo, unaopenda maeneo makavu zaidi. Kadhalika yupo ndugu wa tatu, Ocimum kilimandscharicum, aliyepewa jina la Mlima Kilimanjaro mwaka 1895. Huyu majani yake yana nywele za kijivu, na harufu yake si ya karafuu bali ya kafuri. Karibu na msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, wakulima huupanda na kukamua mafuta yake kwa mvuke, na mafuta hayo hutengenezewa dawa ya kuchua. Anayetaka kafuri hiyo hataipata katika kivumbasi kirefu hata akikichemsha siku nzima.

Pua isiyozoea hukosea, lakini lipo jaribio rahisi lisilohitaji maabara. Mbegu zilizokomaa hutiwa katika glasi ya maji na kuachwa kidogo. Mbegu za Ocimum americanum, kama zile za mrehani wa bustanini, hujifunika utelezi mzito kama ute wa yai. Mbegu za Ocimum gratissimum hazifanyi hivyo, au hutoa utelezi kidogo sana.

Kuhusu maenezi, Uluguru inafundisha jambo ambalo orodha ya nchi haiwezi kulifundisha. Milima hii ni sehemu ya Tao la Mashariki, na kilele chake kirefu zaidi, Kimhandu, hupita mita 2,600. Imejaa mimea isiyopatikana kwingine, na sifa yake kwa wataalamu imetokana na hiyo tangu Stuhlmann alipoipanda mwaka 1894 na Goetze mwaka 1898. Kivumbasi hakimo katika kundi hilo la mimea adimu. Huota kuanzia pwani hadi milimani, katika sehemu kubwa ya Afrika ya kitropiki na hadi Asia ya kusini, na kimepelekwa Amerika ya kitropiki na visiwa vya Pasifiki, ambako kimejiotea chenyewe na kuwa gugu.

Ndani ya Uluguru kinachoamua mahali pake si mwinuko peke yake, bali mwanga na mkono wa mtu. Ndani ya msitu uliofungamana, kwenye kivuli kizito na unyevu wa ukungu, hakioti. Kinaota pale msitu ulipofunguliwa: kando ya njia ipandayo kutoka mjini kuelekea Morningside, kwenye mashamba yaliyopumzishwa, kwenye kingo za barabara zilizochimbwa na mahali palipokuwa na nyumba. Miteremko ya mashariki, inayopokea pepo za Bahari ya Hindi, hupata mvua nyingi zaidi kuliko ya magharibi, na huko majani na vichaka hurudi upesi baada ya kufyeka, hata kivumbasi hulazimika kushindana na mimea mirefu zaidi. Upande wa Mgeta, ambako mboga hulimwa karibu mwaka mzima, hubanwa mipakani, kwa sababu ardhi haipumzishwi muda wa kutosha kwa kichaka kukua.

Kwa hiyo kukiita kivumbasi mmea wa msituni, kama inavyoandikwa mara kwa mara, ni kupotosha. Kuongezeka kwa vivumbasi mlimani ni dalili kwamba msitu umerudi nyuma. Msitu wa nyanda za chini uliozunguka Uluguru umebaki vipande vichache, kama ule wa Kimboza, na hifadhi ya mazingira asilia iliyotangazwa mwaka 2008 hulinda zaidi sehemu za juu. Mwandishi anayetaka kusema kwamba mmea huu hautegemei kupandwa ana neno zuri zaidi, nalo ni kujiotea. Neno gugu nalo (wingi magugu) halitaji aina ya mmea, linataja uhusiano wake na shamba. Kivumbasi kikiwa katikati ya mahindi ni gugu. Kikiwa dirishani jioni si gugu tena.

Mimea inayochanganywa nacho hutofautishwa kwa urahisi mtu akitazama badala ya kunusa tu. Bangi mwitu, Tagetes minuta, iliyotoka Amerika ya Kusini na kuenea katika mashamba ya nyanda za juu, ina majani yaliyochanwa vipande vyembamba, nayo hufa ikishatoa mbegu. Ageratum conyzoides, pia mgeni kutoka Amerika, ina majani yanayokabiliana, lakini shina lake ni la mviringo na maua yake ya zambarau hafifu au meupe hukusanyika kama vifundo vya uzi. Lantana ndiyo inayodanganya zaidi, maana ina majani ya kukabiliana na hata shina la pembe nne. Huitofautishi kwa pembe hizo bali kwa vimiba vya shina, maua ya rangi mbili au tatu katika kichwa kimoja na matunda meusi.

Katika matumizi ya lugha, kivumbasi kisibadilishwe ovyo na mrehani. Mrehani (wingi mirehani) hulimwa kwa ajili ya uzuri wa harufu yake, na majani yake huingia katika vikuba vya akina mama wa pwani. Harufu ya kivumbasi hutafutwa kwa sababu wadudu huikimbia. Neno mrehani linatokana na Kiarabu rayhan, wala lisihusishwe na rehani ya kuweka dhamana, iliyotokana na neno jingine la Kiarabu, rahn, ingawa katika Kiswahili maneno hayo yamekaribiana kwa sauti.

Kitenzi kinachofuatana na kivumbasi ni kufukuza, si kuua. Majani yaliyofikichwa au kufukizwa chumbani hupunguza mbu kwa muda harufu inapodumu, na harufu ikiisha, mbu hurudi. Wakulima huyachanganya pia na nafaka ghalani dhidi ya fukusi. Sentensi kama “kivumbasi hutibu malaria” inaunganisha mambo mawili yaliyo mbali: mbu aliyefukuzwa na vijidudu vilivyokwisha ingia mwilini. Mwenye homa huenda kupimwa, na chandarua hubaki juu ya kitanda hata chumba kikinukia vipi.

Katika maandishi ya kawaida jina kivumbasi linatosha. Katika maelezo ya dawa, ya mafuta au ya mbegu za kuuzwa halitoshi, na jina la kitaalamu liandikwe kando yake, pamoja na jina la mahali mmea ulipochumwa.