Kipimo cha Kielektroniki na Urithi wa Dittmar

Wengi wanaofuga samaki wa baharini nyumbani huamini kipimo cha kielektroniki kwa sababu kinatoa tarakimu papo hapo. Katika insha hii ninadai kwamba tarakimu hiyo inategemea historia ya kemia kuliko umeme wenyewe.

Kati ya 1872 na 1876, meli ya Uingereza iitwayo Challenger ilikusanya maji ya bahari mbalimbali duniani. William Dittmar alichunguza sampuli 77, na mwaka 1884 akaonyesha kwamba chumvi kuu za bahari zina uwiano ule ule karibu kila mahali. Kwa hiyo ukipima kitu kimoja, unaweza kukadiria vyote. Kwa muda mrefu kitu hicho kilikuwa klorini. Skeli ya mwaka 1978 ikategemea upitishaji wa umeme.

Hapo ndipo ninapoona udhaifu. Maji ya tangi mara nyingi huchanganywa na mfugaji mwenyewe. Akitia chumvi ya kupikia peke yake, kifaa kinaweza kusoma 35 kama baharini, ilhali kalisi na magnesi hazimo, na matumbawe yatakufa. Tena, joto likipanda kwa digrii moja, upitishaji huongezeka kwa takribani asilimia 2. Kifaa kisichorekebisha joto hupotosha.

Kwa maoni yangu, kifaa kilicholinganishwa na mmumunyo wa kiwango kinachojulikana kiaminiwe kuhusu wingi wa chumvi. Kuhusu aina zake, bado tunahitaji vipimo vya kemia, kama alivyohitaji Dittmar.