Serengeti Ina Wasimulizi Wake

Mwaka 1959 Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, alitoa kitabu na filamu vilivyoitwa kwa jina moja, akiwaomba walimwengu wasiiache Serengeti ife. Filamu ikatunukiwa Oscar mwaka uliofuata. Watu wengi wasiowahi kusikia jina la mji wa Mugumu wakaijua Serengeti kuwa nchi ya nyumbu na simba, pori lililobaki kama lilivyoumbwa, na Grzimek alishikilia kwamba ndani ya hifadhi asikae mtu yeyote, hata mwenyeji. Hifadhi yenyewe ilikuwa imeanzishwa mwaka 1951. Kwa hiyo sheria ilitangulia na hadithi ikafuata, lakini ni hadithi iliyoifanya sheria ionekane jambo la kawaida. Waikoma, Wanata, Waisenye na Wangoreme wa wilaya ya Serengeti, na Wakurya wa Tarime, wote wa mkoa wa Mara, wamekuwa na hadithi zao muda wote huo. Hoja yangu ni kwamba hadithi hizo ndizo zilizowafanya wawe watu wenye jina, kuliko damu na kuliko mipaka, na kwamba zinastahili kuhesabiwa fasihi kamili na si porojo za wazee.

Tazama zinavyotembea juu ya ardhi. Masimulizi ya Waikoma yanamleta mwanzilishi wao kutoka Sonjo, upande wa mashariki wa mbuga, na Waisenye na Wangoreme nao wana simulizi zinazoelekea huko huko. Waisenye hukumbuka pia Nyeberekera, makao yao ya kale yaliyo leo ndani ya hifadhi, na jinsi walivyotawanyika kwa njaa na vita. Mtu akichora njia hizo kwenye ramani, zinakatisha tambarare ile ile ambayo filamu iliionyesha haina mwenyewe. Wanata wao wana Nyamunywa, mwindaji, na Nyasigonko, mkulima, mume na mke wa kwanza. Hapa mtunzi asiyejulikana amefanya kazi ya ustadi: kwa kuwakutanisha watu wawili tu ameeleza uchumi mzima wa nchi yenye pori upande mmoja na mashamba upande wa pili, na nani anamhitaji nani. Tamthilia nyingi zilizochapishwa hazijafika hapo.

Kwa Wakurya mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Kabla ya ukoloni mtu alijitambulisha zaidi kwa ukoo wake mkubwa, Mwirege, Mnyabasi, Mtimbaru au Mnchari, kuliko kwa jina moja la Kikurya. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana mstari uliokuja kuwagawa, wengine Kenya, wengine Tanganyika. Hapakuwa na mfalme wa kuwaunganisha tena. Kilichovuka mpaka bila kuulizwa hati ni majina ya marika ya vizazi, Saai, Maina, Nyangi, Chuma na mengine, ambapo mtoto huingia rika linalofuata lile la baba yake, na pamoja nayo litungu. Chombo hicho kikubwa cha nyuzi nane hakipigwi kimya. Mpigaji husifu, hukejeli, hutaja nani amezaliwa na nani, na wasikilizaji hujibu kwa miguu. Anayetafuta drama ya Kikurya jukwaani penye pazia ataikosa. Iko uwanjani, penye harusi na sherehe za jando.

Atatokea mtu aseme kwamba masimulizi haya yametungwa juzijuzi. Kwa sehemu ni kweli. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, aliyefanya utafiti Mara miaka ya 1990, ameonyesha kwamba makabila haya yalipata sura tunayoijua katika misukosuko ya mwisho wa karne ya 19, wakati sotoka, njaa na mashambulizi ya Wamasai yalipowalazimisha watu waliosambaratika kujipanga upya na kuzisimulia upya asili zao. Lakini kutungwa si kasoro. Chukua mfano wa Uskoti, iliyopoteza bunge lake mwaka 1707. Kuanzia mwaka 1760 James Macpherson alichapisha mashairi aliyodai ni ya mshairi wa kale Ossian, na wataalamu wakaja kubaini kwamba sehemu kubwa ni kazi yake mwenyewe. Mwaka 1822 mwandishi Walter Scott alimpokea mfalme wa Uingereza mjini Edinburgh kwa gwaride la mavazi ya milimani ambayo Waskoti wengi wa mabondeni hawakuwahi kuyavaa. Hata hivyo hakuna anayesema leo kwamba Waskoti hawapo. Wazee wa Mara, kwa maoni yangu, walikuwa waaminifu kuliko Macpherson, maana hawakughushi mwandishi.

Pingamizi zito zaidi ni la ukabila. Tarime imezika watu kwa sababu ya vita vya koo, na si siri kwamba sifa za ukoo zinaweza kuchochea vijana. Tanzania ilichagua Kiswahili ili kuikwepa hatari hiyo, na aliyeliongoza chaguo hilo alikuwa mtu wa Mara, Julius Nyerere, Mzanaki wa Butiama. Nyerere alisoma Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952, katika nchi iliyokuwa na taifa lakini haina dola, na mwaka 1963 akachapisha tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare. Ila tusisahau Mathias Mnyampala. Huyu ndiye baba wa ngonjera zilizoitangaza siasa ya Azimio la Arusha, na ndiye huyo huyo aliyeandika kwa Kiswahili, mwaka 1954, historia, mila na desturi za Wagogo. Hakuona mgongano. Simulizi ya ukoo ikibaki kilingeni inaweza kuwa silaha. Ikiandikwa kwa Kiswahili, jirani anaisoma, anaipinga, anaongeza ya kwake. Wanahistoria wenyeji wa Mara ya kusini wameandika hivyo. Maandiko yao, aliyoyakusanya Shetler, yalichapishwa mwaka 2003, lakini huko Leiden, Uholanzi.

Mwaka 1973 mwandishi wa tamthilia John McGrath na kikundi chake cha maigizo cha 7:84 walizunguka kumbi za vijiji vya Uskoti na mchezo juu ya watu walioondolewa kupisha kondoo, kisha paa wa kuwindwa na matajiri, kisha mafuta. Ulikuwa na nyimbo, vichekesho na dansi mwishoni. Mkazi wa Robanda, kijiji kilicho kando ya hifadhi, au wa Nyamongo huko Tarime, ambako dhahabu inachimbwa kwa mitambo mikubwa tangu 2002, hahitaji kufafanuliwa mchezo huo. Malighafi ya kuandika wa kwetu ipo, lugha ipo, na fasihi simulizi inafundishwa sekondari. Walimu wa Kiswahili wa Tarime na Serengeti, wapeni wanafunzi Nyamunywa na Nyeberekera waigize kabla mtu wa mbali hajatoa filamu nyingine.