Matete Kazini: Kutoka Plön hadi Iringa

Mto Mara ukishapita kati ya Tarime na Serengeti, pande zile za Busawe, hauingii Ziwa Victoria moja kwa moja. Kwanza unajimwaga kwenye kinamasi kipana cha mafunjo, unapoteza kasi, unaacha tope humo, ndipo unatokeza kwenye daraja la Kirumi. Kazi hiyo mafunjo yameifanya miaka nenda rudi bila mhandisi. Binadamu kuiiga ni jambo la juzi.

Miaka ya 1950 Mjerumani Käthe Seidel, wa Taasisi ya Max Planck mjini Plön, alianza kuotesha mimea ya majini kwenye maji machafu ili kuyasafisha. Mabingwa wa majitaka wa enzi zake walimpuuza. Nairobi ilipata mfumo wa aina hiyo mwaka 1994: majitaka ya mgahawa wa Carnivore na mabwawa ya kuogelea ya Splash yakapitishwa kwenye changarawe iliyooteshwa mimea, kisha kwenye vidimbwi. Ndege wakahamia wenyewe.

Kwetu Tanzania, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishika kazi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990, kupitia watafiti wakiwemo maprofesa Jamidu Katima na Karoli Njau. Yakafuata matuta ya kusafishia majitaka ya Chuo cha Ualimu Kleruu na Sekondari ya Ruaha, Iringa, na mengine Moshi.

Tuta lenyewe, licha ya jina, ni shimo lenye sakafu isiyovuja, limejazwa changarawe na kupandwa matete. Juu pakavu, unakanyaga bila kulowa. Maji yanapenya chini. Wanaokula uchafu hasa ni vijidudu walioganda kwenye kokoto na mizizi. Matete, kusema kweli, husifiwa kupita haki yake.

Ila uchafu haumwagwi humo mbichi. Hutuamishwa kwanza, na ukubwa wa tuta hupigiwa hesabu ya maji yatakayoingia. Kinamasi cha Mara hakijapigiwa hesabu hiyo: hupokea samadi, udongo wa mashamba na kila kinachosombwa tangu misitu ya Mau, Kenya. Machi 2022 maji ya Mto Mara yaligeuka meusi, samaki wakafa. Kamati ya serikali ilitaja upungufu wa oksijeni uliotokana na mimea iliyooza pamoja na kinyesi na mkojo wa mifugo. Wengi nchini waliicheka hoja ya ng'ombe, na wengi mkoani Mara hawakuikubali. Mafundi wa matuta, hata hivyo, wanalijua tatizo la oksijeni kuisha. Tuta likizidiwa, wao hufunga koki na kuosha changarawe, jambo lisilowezekana pale Kirumi.