Chumvi Ilikuwa Sawa, Samaki Wakafa

Muhula uliopita mwenzetu mmoja wa klabu alinunua tangi dogo la maji ya chumvi na samaki wawili wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe, wale wa filamu ya Nemo. Dukani alipewa haidromita ya plastiki, akaambiwa inatosha. Kipimo kilisoma 1.025, kama bahari. Siku ya sita samaki walikuwa wakihema juu ya maji. Siku ya saba wakafa. "Kaka, si chumvi ilikuwa sawa?" aliniuliza. Swali hilo ndilo lililonipeleka maktaba.

Kosa lake ni la zamani. Mwaka 1846 Anna Thynne alileta matumbawe London kutoka Torquay, na maji yakapewa hewa kwa kumiminwa huku na huku na mtumishi wa kike. (Pampu ya kwanza, basi, ilikuwa mikono ya mfanyakazi wa ndani.) Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya Regent's Park ilifungua nyumba ya samaki, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akatoa mchanganyiko wa chumvi nne za kutengenezea maji ya bahari nyumbani. Wote walihangaikia chumvi na hewa.

Kuhusu chumvi hawakukosea. Meli ya Challenger ilizunguka bahari za dunia kati ya 1872 na 1876, na William Dittmar akachambua sampuli 77 za maji yake. Aligundua kuwa chumvi kuu hukaa kwa uwiano uleule karibu kila mahali. Ndiyo maana namba moja hutueleza mengi: takriban gramu 35 katika kila kilo ya maji. Ila haidromita ya mshale hudanganya kirahisi, kwani viputo vya hewa vikiganda juu yake huuinua. Mwenye uwezo anunue rifraktomita, airekebishe kwa maji maalumu ya kipimo cha 35.

Lakini haidromita haioni mkojo wa samaki. Amonia haina rangi, na kwa kiwango kinachoua samaki hata pua haiisikii. Walioifanya ionekane hawakuwa wafugaji wa samaki. Julius Nessler, mtaalamu wa kemia ya kilimo Ujerumani, alitoa dawa yake mwaka 1856: maji yenye amonia hugeuka manjano. Vifaa vingi vya leo vinatumia njia nyingine, inayotoa kijani. Peter Griess, mkemia wa kiwanda cha bia huko Burton, alieleza mwaka 1879 namna ya kuitambua nitriti kwa rangi. Waridi unaloliona kwenye neli ya nitriti limetokana na kazi yake. Kipimo cha nitrati nacho huigeuza nitrati kuwa nitriti kwanza, mara nyingi kwa unga wa madini unaotuama chini ya chupa. Usipotikisa vizuri, utasoma uongo.

Schloesing na Müntz walikuwa wameshaonyesha mwaka 1877 kwamba viumbe hai ndio wanaoibadilisha amonia kuwa nitrati. Winogradsky, mwaka 1890 hivi, akatenganisha hatua mbili: bakteria wengine hutoa nitriti, wengine huimalizia. Tangi jipya halina bakteria wa kutosha. Huo ndio uliokuwa msiba wa mwenzetu.

Kwa hiyo, ukiwa na fedha kidogo, kipimo cha amonia cha matone kinunuliwe kabla ya taa za kupendeza. Maji ya bahari yana pH karibu 8.2, na pH inavyopanda ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyokuwa sumu. Nitriti katika maji ya chumvi haina ukali mkubwa. Kipimo chake hukuonyesha tu safari ya bakteria imefika wapi. Nitrati ifuate. Karatasi za kuchovya ni rahisi, lakini nyingi hazipimi amonia kabisa. Angalia pia tarehe ya kuisha muda wa dawa; mimi niliwahi kupima wiki mbili kwa chupa iliyochina.

Mwenzetu ameanza upya. Jana alinitumia picha: neli ya amonia bado ni ya kijani, ya nitriti imeanza kuwa waridi. Samaki bado hajanunua.