Kitoweo cha Siku za Kusi

Kusi ikivuma sawasawa, bahari ya Lamu haina mchezo. Kati ya Aprili na Septemba kuna siku mashua hazitoki, na zinazotoka hurudi na samaki wa kuhesabika. Lakini watoto wakirudi kutoka shule mchana wanataka kula, kusi au si kusi. Jibu la jikoni ni la zamani: papa mkavu au ng'onda. Ukishamrowesha papa usiku kutoa chumvi, kesho yake ni kumchemsha, kumnyambua, kumtia kwenye kitunguu, nyanya, bizari na tui, kumalizia kwa ndimu. Nusu saa hivi. Sima pembeni, achari juu yake, watu wamekula.

Siku hizi tukisema chakula cha haraka tunafikiria friza na pakiti. Ila akiba ya chakula kwenye pwani hii ni kongwe kuliko stima. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandikiwa sinia la wali wa samli na mchuzi, na pembeni yake ndimu za achari, pilipili zilizotiwa siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Hiyo achari ni kazi ya mwezi mwingine, iliyotolewa ndani ya mtungi siku mgeni alipobisha. Aliposhuka Mombasa alieleza kwamba wenyeji hula ndizi na samaki, na nafaka huletewa kutoka nje ya kisiwa. Mtu wa kisiwani anajua maana yake: chakula kinachokuja kwa chombo lazima kiwekwe.

Na Lamu ilikuwa hivyo hivyo. Kisiwa chenyewe kina mchanga mwingi na minazi. Shamba la nafaka lilikuwa ng'ambo, bara. Katika karne ya 19, chini ya ulinzi wa Oman, mashamba ya bara yalipanuka hata mtama na ufuta vikasafirishwa Arabuni. Majahazi yaliyoshuka na kaskazi yalileta tende na, mara nyingi, papa wa chumvi kutoka kusini mwa Arabuni. Yalirudi na kusi yakiwa na nafaka na boriti za mikoko. Kwa hiyo papa kwenye chungu cha Lamu hakuwa lazima papa wa Lamu.

Hapa ndipo hadithi ya mapishi yetu huwa inarukwa. Mashamba yale yalilimwa na watumwa. Mtama haujitwangi, na nazi haijikuni. Mchana wa haraka kwenye nyumba ya mawe ya muungwana ulikuwa saa nyingi za mtu mwingine, shambani na kwenye kinu, zilizowekwa ghalani pamoja na nafaka. Serikali ya kikoloni ilipofuta utumwa pwani ya Kenya mwaka 1907, mashamba mengi yalidorora. Kinu na mbuzi ya nazi havikwenda popote. Ilibidi vipate mikono mingine, na tukiuliza ni ya nani, jibu karibu kila mara ni ya mwanamke. Mimi naona historia ya chakula cha Lamu isiyosema hili ni nusu tu, hata ikiwa na picha nzuri za milango ya kuchonga.

Halafu friza. Sitaki kuibeza, maana imeokoa mengi: tui la kukuna mara moja na kugandisha kwenye vikopo, sambusa zinazokunjwa mwezi wa Shaabani zingoje Ramadhani, vipande vya nguru vilivyonunuliwa siku ya bei rahisi. Ubaya wake ni kwamba stima ikipotea siku mbili, akiba yote ni harufu. Ng'onda haidai tokeni.

Tena si upepo peke yake unaofunga bahari. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni mwezi Juni 2014, amri ya kutotoka nje usiku ilifika hadi kwa wavuvi, ambao kazi yao kubwa ni ya usiku. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyoletwa na ujenzi wa bandari mpya ya Lamu. Gati ya kwanza ilifunguliwa 2021. Papa wenyewe wamepungua katika Bahari ya Hindi, kwa sababu mapezi yao yanasakwa mbali na hapa.

Ndiyo maana siku hizi akiba ya mchana inazidi kutoka dukani: pojo, maharagwe, tambi, tui la pakiti. Pojo za nazi ni tamu, sikatai. Ila anayezichagua mawe jioni, akazirowesha, akaamka alfajiri kuziteleka kabla ya kazi, bado ni yule yule, na mezani watu husema leo mama amepika upesi.