Uelewa wa umma kuhusu mashindano ya silaha za nyuklia

Uelewa wa umma kuhusu mashindano ya silaha za nyuklia ni jumla ya yale ambayo raia wa kawaida waliyafahamu, waliyaamini au walifichwa kuhusu silaha zilizolimbikizwa na Marekani na Umoja wa Kisovyeti wakati wa Vita Baridi (1947–1991). Ufahamu huo ulikuwa sehemu ya mashindano yenyewe, kwa kuwa kila serikali ilipima nini kitangazwe, nini kitiwe chumvi na nini kifukiwe. Hasimu mwenye majasusi, ndege za upelelezi na setilaiti mara nyingi alizijua siri ambazo wananchi wa nchi husika hawakuzijua. Sehemu kubwa ya ukweli uliowafikia wananchi ilitokana na ajali, tafiti za wanasayansi na kazi za waandishi wa habari, na mara kadhaa ukweli huo ulizilazimisha serikali kubadili sera.

Siri ya mwanzo

Mradi wa Manhattan, ulioanzishwa na Marekani mwaka 1942 ili kutengeneza bomu la atomiki, uliajiri zaidi ya watu 100,000. Wengi wao hawakuambiwa wanatengeneza nini. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, katika Kongo ya Wabelgiji, kwenye mgodi wa kampuni ya Union Minière. Mwaka 1940 mkurugenzi wa kampuni hiyo, Edgar Sengier, alipeleka zaidi ya tani 1,000 za madini hayo New York, yakahifadhiwa katika ghala la Staten Island hadi jeshi la Marekani lilipoyanunua mwaka 1942. Wachimbaji wa Katanga, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi migodini, hawakuelezwa mawe hayo yanakwenda kufanya nini.

Dunia iliarifiwa tarehe 6 Agosti 1945, siku Hiroshima iliposhambuliwa. Taarifa za kwanza zilisifu nguvu ya bomu kuliko kueleza yaliyowapata watu, na utawala wa kijeshi wa Marekani nchini Japani ulidhibiti habari za waathirika. Mwezi Agosti 1946 gazeti la The New Yorker lilitoa toleo zima kwa makala ya John Hersey kuhusu manusura sita wa Hiroshima. Kwa Wamarekani wengi hiyo ndiyo mara ya kwanza kusoma habari za bomu kutoka kwa watu walioangukiwa nalo.

Umoja wa Kisovyeti ulilipua bomu lake la kwanza tarehe 29 Agosti 1949 huko Semipalatinsk, Kazakhstan, bila kutangaza. Ndege ya Marekani ilinasa chembechembe za mionzi angani, na tarehe 23 Septemba Rais Harry Truman akautangazia ulimwengu. Siku mbili baadaye shirika la habari la TASS lilijibu kwa kutaja ulipuaji wa kazi za ujenzi, likaongeza kuwa siri ya atomiki ilikwisha kujulikana Moscow tangu 1947. Habari ya bomu la Kisovyeti, kwa hiyo, ilitangazwa Washington kabla ya Moscow.

Vumbi la mionzi

Jaribio lililovunja ukimya zaidi ya mengine lilikuwa la tarehe 1 Machi 1954 kwenye kisiwa cha Bikini, katika Visiwa vya Marshall. Bomu la haidrojeni lililopewa jina la siri Bravo lilitoa nguvu ya megatani 15, zaidi ya mara mbili ya makadirio ya wataalamu. Majivu yenye mionzi yaliwaangukia wakazi wa kisiwa cha Rongelap na wavuvi 23 wa chombo cha Kijapani, Daigo Fukuryū Maru. Chombo kiliporudi bandarini wavuvi wakiwa wagonjwa, gazeti la Yomiuri lilichapisha habari hiyo. Mwezi Septemba mwaka huohuo mwendesha redio wa chombo, Kuboyama Aikichi, alifariki. Kampeni iliyoanzishwa na akina mama wa mtaa wa Suginami, Tokyo, ilisaidia kukusanya saini zaidi ya milioni 30 za kupinga silaha hizo kufikia mwaka 1955.

Majivu hayohayo yaliwapa wanasayansi wa kiraia ushahidi. Kwa kutumia matokeo ya vipimo vya Kijapani, mwanafizikia Joseph Rotblat aliyekuwa Uingereza alikokotoa namna bomu lilivyoundwa na kuonyesha kuwa lilichafua mazingira kuliko ilivyokubaliwa rasmi. Huko St. Louis, Marekani, kuanzia mwaka 1958, madaktari na wanasayansi waliwaomba wazazi wawapelekee meno ya utotoni yaliyong'oka. Walipokea takriban meno 320,000, na vipimo vilionyesha kuwa kiasi cha strontiamu-90, chembe ya mionzi inayopita kwenye majani, maziwa ya ng'ombe na hatimaye mifupa ya mtoto, kilipanda pamoja na idadi ya majaribio. Mzazi asiyejua lolote kuhusu makombora alielewa habari ya meno ya mwanawe. Shinikizo la aina hii lilichangia mkataba uliotiwa saini Moscow tarehe 5 Agosti 1963, uliopiga marufuku majaribio angani, anga za mbali na chini ya maji. Majaribio ya chini ya ardhi yaliendelea.

Pengo la makombora

Baada ya Umoja wa Kisovyeti kurusha setilaiti ya Sputnik tarehe 4 Oktoba 1957, Wamarekani wengi waliamini kwamba wameachwa nyuma kwa makombora ya masafa marefu. Kiongozi wa Kisovyeti, Nikita Khrushchev, aliichochea imani hiyo kwa kujigamba kuwa viwanda vyake vinatoa makombora kama soseji. Seneta John F. Kennedy alilitumia "pengo la makombora" katika kampeni yake ya urais ya mwaka 1960.

Rais Dwight Eisenhower alikuwa na sababu za kulitilia shaka, kwani tangu Julai 1956 ndege za U-2 zilipiga picha ndani ya ardhi ya Kisovyeti. Hakuweza kusema hivyo hadharani bila kukiri ujasusi. Khrushchev naye aliziona ndege hizo kwenye rada, lakini hadharani alinyamaza kwa kuwa kulalamika kungefichua kwamba hakuwa na uwezo wa kuzitungua. Kwa takriban miaka minne serikali zote mbili zilitunza siri moja dhidi ya wananchi wao. Iliisha tarehe 1 Mei 1960, ndege ya Francis Gary Powers ilipotunguliwa. Washington ilidai ilikuwa ndege ya utafiti wa hali ya hewa, na Khrushchev akaiumbua kwa kutangaza kuwa rubani yu hai. Kufikia vuli ya 1961 picha za setilaiti za Corona zilithibitisha kwamba Wasovyeti walikuwa na makombora machache tu ya kuvuka mabara. Pengo lilikuwepo, ila lilikuwa kwa manufaa ya Marekani.

Mgogoro wa Oktoba 1962 kuhusu makombora ya Kisovyeti nchini Kuba uliacha funzo lililopotoka kwa namna hiyohiyo. Umma uliambiwa kuwa msimamo mkali wa Kennedy ndio uliomrudisha Khrushchev nyuma. Ahadi ya kuondoa makombora ya Marekani nchini Uturuki, iliyokuwa sehemu ya maafikiano, ilifichwa kwa miaka mingi.

Elimu ya kujikinga

Serikali zilifundisha raia namna ya kujikinga, na mafunzo hayo yalikuwa pia njia ya kusimamia hofu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 watoto wa shule za Marekani walionyeshwa filamu fupi ya kobe aitwaye Bert, iliyowaelekeza wajifiche chini ya madawati pindi waonapo mwanga mkali. Nchini Uingereza, filamu ya Peter Watkins, The War Game, iliyotengenezwa mwaka 1965 kwa ajili ya BBC, ilionyesha jinsi huduma za dharura zingezidiwa baada ya shambulio. BBC ilikataa kuirusha hewani hadi mwaka 1985, ingawa ilikwisha kupata tuzo ya Oscar. Mwaka 1980 serikali ya Uingereza ilichapisha kijitabu cha maelekezo ya kujenga maficho nyumbani kwa kutumia milango na mifuko ya mchanga. Badala ya kutuliza watu, kijitabu hicho kiliwapa wapinzani wa silaha hoja mpya.

Upande wa Kisovyeti

Katika Umoja wa Kisovyeti miji iliyotengeneza silaha, kama vile Arzamas-16, haikuwekwa kwenye ramani. Tarehe 29 Septemba 1957 tangi la taka za mionzi lililipuka katika kiwanda cha Mayak, milima ya Ural, na maelfu ya wanavijiji wakahamishwa. Mwanabiolojia Zhores Medvedev, aliyekuwa uhamishoni London, aliandika kuhusu ajali hiyo mwaka 1976, na Moscow haikukiri rasmi hadi 1989. Shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilikuwa na taarifa zake tangu awali, lakini halikuzitangaza.

Usiri huo ulifika hata kwenye meza ya mazungumzo. Katika vikao vya SALT vya kuweka ukomo wa silaha za nyuklia, vilivyoanza mwaka 1969, husimuliwa kwamba Jenerali Nikolai Ogarkov aliwaomba Wamarekani wasitaje takwimu za silaha za Kisovyeti mbele ya wanadiplomasia wa Kisovyeti, kwa kuwa mambo hayo hayakuwahusu raia. Sera ya uwazi ya kiongozi wa Kisovyeti Mikhail Gorbachev ililegeza hali hiyo. Februari 1989 mshairi wa Kikazakh Olzhas Suleimenov aliasisi vuguvugu la Nevada–Semipalatinsk la kupinga majaribio ya nyuklia, na tarehe 29 Agosti 1991 uwanja wa Semipalatinsk, uliokuwa umeshuhudia majaribio zaidi ya 450, ukafungwa.

Kilele cha miaka ya 1980

Kuwekwa kwa makombora ya SS-20 ya Kisovyeti na mpango wa kuweka Pershing II ya Marekani barani Ulaya kuliamsha harakati kubwa. Mwezi Juni 1982 takriban watu milioni moja waliandamana New York. Mwezi Desemba mwaka huo wanawake wapatao 30,000 waliizunguka kambi ya Greenham Common, Uingereza, wakiwa wameshikana mikono. Tarehe 20 Novemba 1983 Wamarekani karibu milioni 100 walitazama filamu ya televisheni, The Day After, kuhusu shambulio la nyuklia katika jimbo la Kansas.

Hata hivyo, umma uliokuwa na hofu hiyo haukujua kwamba tarehe 26 Septemba 1983 mitambo ya Kisovyeti ilitoa onyo la uongo la makombora kutoka Marekani, na kwamba afisa wa zamu, Stanislav Petrov, aliamua kutoliamini. Habari hiyo ilijulikana miaka ya 1990.

Afrika na Bahari ya Hindi

Afrika iliingia katika mjadala huu kupitia ardhi yake. Ufaransa ilipolipua bomu lake la kwanza huko Reggane, Algeria, tarehe 13 Februari 1960, Ghana ya Kwame Nkrumah ilizuia mali za Ufaransa na kuitisha mkutano wa bara zima Accra. Visiwani Zanzibar, kituo cha Marekani cha kufuatilia vyombo vya anga vya mradi wa Mercury kilijengwa Tunguu mwaka 1960. Wapinzani wake, hasa wafuasi wa chama cha Hizbu, walikiita kituo cha makombora, na ufafanuzi wa Wamarekani kuwa ni cha kisayansi haukuondoa shaka. Kilifungwa baada ya Mapinduzi ya 1964.

Mwezi Mei 1984 Mwalimu Julius Nyerere aliungana na viongozi wa Ajentina, Meksiko, India, Ugiriki na Uswidi kuyataka mataifa yenye nyuklia yasitishe majaribio na utengenezaji wa silaha. Hoja yao ilikuwa kwamba vita hivyo vingewaua hata wasio na upande, hivyo nao wana haki ya kuhoji. Mkataba wa Pelindaba wa 1996, unaoifanya Afrika kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia, ulianza kutumika tarehe 15 Julai 2009 baada ya Burundi kukamilisha idadi ya nchi zilizohitajika kuuridhia.

Baada ya Vita Baridi

Idadi ya vichwa vya nyuklia duniani ilikadiriwa kufika takriban 70,000 katikati ya miaka ya 1980, na leo ni takriban 12,000. Hofu ya umma ilipungua haraka kuliko silaha zenyewe. Saa ya Kiama, kielelezo cha jinsi dunia ilivyo karibu na maangamizi kilichobuniwa mwaka 1947 na jarida la Bulletin of the Atomic Scientists, ilirudishwa hadi dakika 17 kabla ya saa sita usiku mwaka 1991. Mwaka 2025 iliwekwa sekunde 89.

Mkataba wa New START wa mwaka 2010 uliziwezesha Marekani na Urusi kukaguana na kuchapisha takwimu za jumla mara mbili kwa mwaka. Urusi iliposimamisha ushiriki wake Februari 2023, utaratibu huo ulivunjika. Tangu hapo wananchi wa nchi zote mbili, na walimwengu wengine, hutegemea zaidi makadirio ya taasisi huru kama SIPRI ya Stockholm na Federation of American Scientists, huku majeshi yakiendelea kupiga picha kutoka angani na kuhesabu.