Meli ya Angani Isiyofika

Hadithi zetu zina chombo chao cha kuruka: ungo. Bibi waliusimulia jikoni, ukipaa usiku na kurudi kabla ya jogoo kuwika. Wachoraji wa katuni wakauangusha uani mwa watu kumepambazuka, mtaa mzima ukajaa kushangaa. Lakini kipo chombo cha angani kilichotumwa nchini mwetu kweli, na mkasa wake unatufikisha mpakani, jirani na Tunduma.

Novemba 1917, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck lilikuwa limebanwa na Waingereza kusini mwa nchi, bila dawa wala risasi za kutosha. Tarehe 21 meli ya angani ya Zeppelin, L59, ikang'oka Jamboli, Bulgaria, ikiwa na urefu wa mita 226, watu 22 na shehena ya tani 15 hivi. Ilikuwa safari ya kwenda tu, kwani huku hakukuwa na gesi ya kuijaza upya. Ikifika, kitambaa chake kingeshonwa mahema, na mifupa yake ya metali nyepesi ingejengwa minara ya redio.

Usiku wa kuamkia tarehe 23, ikiwa juu ya Sudan, redio ikaleta amri: rudini. Ilitua Jamboli tarehe 25, baada ya saa 95 na kilomita zaidi ya 6,700. Siku hiyohiyo Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji.

Mzigo ambao meli haikuuleta ukabaki vichwani mwa wapagazi. Mwaka uliofuata msafara wa Lettow-Vorbeck ulirudi, ukapanda kupitia Songea na Ubena hadi Mbozi, na mwanzoni mwa Novemba 1918 ukavuka kwenda Fife, upande wa Nakonde ya leo. Askari walitembea, wapagazi walitembea wakiwa na mizigo, wanawake na watoto walifuata. Tarehe 25 Novemba, mwaka mmoja kamili tangu L59 itue, wakaweka silaha chini Abercorn, Mbala ya sasa.

Wanahistoria wanakadiria kuwa upande wa Waingereza pekee ulipoteza wapagazi zaidi ya 90,000, wengi kwa njaa na maradhi. Jina la kikosi chao, lililogeuka kuwa Kariakoo, tunalitaja kila siku tukienda sokoni, bila kuwakumbuka.

Mbozi kuna Kimondo, jiwe la chuma linalokadiriwa kuwa na tani 16, lililoanguka toka mbinguni. Wageni huongozwa kulitazama, na ni haki yake. Ila njia waliyopita wapagazi wa Lettow-Vorbeck, toka Mbozi hadi mpakani, nayo inastahili kuonyeshwa. Mchoraji atakayeichora L59 kwa ajili ya watoto wa Songwe asiishie kwenye puto lile kubwa. Chini yake, katika kila ukurasa, amchore mtu mwenye ngata kichwani, kwa maana yeye ndiye aliyefika.